Majani ya Kufichia

Ukitaka kujua maana ya kuficha, usihangaike na wezi. Waulize waganga wa mitishamba wa Mabira, na kati yao hakuna aliyemfikia Kokugonza. Bibi huyu alikuwa na dawa ya damu ya uzazi. Mwanamke akijifungua na damu ikakataa kukatika, Kokugonza aliitwa, akaenda kwa miguu hata mpaka Kimuli, na baada ya siku mbili ungemkuta yule mzazi ameketi kwenye jua anamenya ndizi, mtoto kifuani. Hayo yalijulikana na kila mtu. Kilichokuwa hakijulikani ni dawa yenyewe, kwa sababu kapu la Kokugonza lilikuwa halikosi majani ya aina sita.

Ndivyo walivyofanya waganga wa huku. Ukichuma jani moja peke yake, jirani anayekuchungulia nyuma ya mgomba kesho naye ni mganga, na mbuzi wako wa shukrani wameishia kwake. Kwa hiyo unachuma na mengine yasiyo na kazi, majani ya kufichia, unayachanganya humo humo, halafu mekoni unawapa watu mgongo na kuyatupa motoni yale yasiyotakiwa. Mrithi wako anabeba kapu miaka na miaka bila kuambiwa kitu. Siku unapoona nguvu zinakwisha ndipo unamshika mkono, unamwonyesha, na basi.

Mrithi wa Kokugonza alikuwa Anatolia, binti yake wa pekee, mwanamke wa miaka arobaini na mitano aliyefiwa na mume akarudi kwenye kibanja, shamba la migomba la mama yake. Alikuwa amelibeba kapu lile miaka kumi na mitatu. Mvua yake, jua lake, miiba yake yote aliijua. Mara mbili alithubutu kuuliza ni jani lipi hasa, na mara zote mbili mama yake alimuuliza kama ana haraka ya kumzika. Anatolia akaendelea kubeba kapu. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mzee ana afya, anapanda mlima bila fimbo, anakula muhogo mbichi. Siku ya kuonyeshwa ilikuwa inasogezwa mbele kila mwaka, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Septemba ya mwaka sabini na nane, Kokugonza akaanguka uani, ungo wa maharage mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa, mdomo ukaenda upande, na katika maneno yote aliyowahi kusema duniani akabaki na sauti moja tu, ba, ba, ba. Njaa ilikuwa ba, kiu ba, na ukimgeuza vibaya kitandani ba. Anatolia alimlisha, alimwosha, na akiwa peke yake mekoni alilia, kwa sababu alimpenda mama yake, na pia, tusidanganyane, kwa sababu ya kapu.

Mwezi wa kumi vita na Uganda vikaanza. Vijana wakachukuliwa mgambo, malori yakachukuliwa, mafuta ya taa yakapotea madukani. Theoneste, mkwe wa Anatolia, mtoto wa watu waliotoka Rwanda zamani, alienda na kundi la kwanza, akamwacha mkewe Placida, binti wa Anatolia, na mimba ya miezi minane. Placida alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mcheshi, mtu wa kucheka mpaka kanisani. Akaja kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza.

Alijifungua Jumatatu, asubuhi na mapema, mtoto wa kiume mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Kondo la nyuma lilitoka. Kila mtu akashukuru. Lakini damu haikukatika. Haikuwa ya kumwagika, la. Ilikuwa ya kuchuruzika, kidogo kidogo, mchana kutwa, na Jumatano Anatolia alipofua vitambaa kwa mara ya nane kwa siku hiyo moja, alikaa chini penye tope.

Alhamisi akaenda zahanati. Mganga wa pale aliitwa Egbert, Mhaya wa Muleba, mtu mwema kweli kweli, na kabati lake siku hiyo lilikuwa na aspirini na dawa ya minyoo. Alikuja mpaka nyumbani, akamkagua Placida, akambonyeza tumbo, akatoka nje na kumwambia Anatolia ukweli bila kuuzungusha. Huyu alihitaji hospitali, alihitaji sindano na kuongezewa damu. Gari lililokuwa likibeba wagonjwa lilikuwa limeenda kubeba askari. Ingebidi abebwe kwa machela, mwendo wa siku nzima na zaidi, na kwa mvua ile mabonde yalikuwa yamejaa maji.

Machela inataka wanaume wanane wa kupokezana. Anatolia alizunguka Mabira yote. Wakapatikana wanne, wawili kati yao wakikohoa, na wa tatu alikuwa mzee aliyeweza kumbeba Placida labda mpaka kwenye njia panda. Wakamwambia wangoje Jumamosi, huenda wengine watarudi. Hawakuwa watu wabaya. Hawakuwa na la kufanya, na waliona aibu kulisema.

Siku hiyo jioni Placida ndiye aliyeanza. Alikuwa amelala, uso umemtoka rangi, mtoto anamnyonya, na Mukashema, jirani yao mfugaji, ameketi miguuni pake na kibuyu cha maziwa.

"Mama, mbona unahangaika na machela?" alisema. "Dawa si iko kwetu? Kapu la Bibi umelibeba wewe. Kanichumie."

 Angesemaje? Amwambie mwanawe kwamba miaka kumi na mitatu alikuwa punda tu? Akasema sawa, kesho.

Ijumaa aliingia porini mvua ikimnyeshea, akachuma aina zote sita. Alichuma mubirizi, ule mchungu unaojulikana na kila mtu. Alichuma jani changa la musambya. Alichuma lile lenye manyoya, na lile la bondeni lenye harufu ya samaki, na mtambaazi wa kwenye kichuguu, na lile jekundu kwa chini ambalo mama yake alikuwa akilichuma kwa kitambaa. Hakukosea hata moja. Mikono ilijua njia.

Aliporudi alimkalisha mama yake kwenye mkeka, akamwegemeza ukutani, akayapanga majani mbele yake, moja moja, kwa mstari. Akamweleza polepole. Placida anatoka damu, Mama. Leo siku ya tano. Nionyeshe lipi.

Kokugonza aliyatazama majani. Kisha akauinua mkono wa kushoto, ule mzima, akayafagia yote yakaruka mkekani.

Anatolia akadhani mkono umeteleza. Akayaokota, akayapanga tena. Ba, ba, akasema mama yake, na akayafagia tena, mara hii kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu Anatolia alimpa moja moja mkononi, na kila alilompa lilitupwa. Jicho la kushoto la Kokugonza lilikuwa linatoka machozi, na sauti yake ilipanda mpaka Mukashema akachungulia mlangoni.

Hapo ndipo Anatolia aliposhindwa kujizuia. Miaka kumi na mitatu ilimpanda kichwani kwa mara moja.

"Hata leo, Mama?" alisema. "Hata kwa Placida? Basi kufa nayo. Kufa nayo hiyo siri yako, uone itakufaa nini huko uendako."

Usiniambie kwamba angepaswa kuelewa. Miaka yote alimwona mama yake akifanya hivyo hivyo, akiwakunjia watu uso, akiziba kapu kwa kiganja, akimfukuza hata padre aliyeuliza kwa nia njema. Mtu aliyeficha maisha yake yote, akikataa kuonyesha, utasema anaficha. Kwamba bibi alikuwa anapiga kelele akisema hapa hakuna, katika haya yote hakuna hata moja, wazo hilo lingetoka wapi? Hakuna aliyewahi kusikia kapu zima la mganga likiwa ni la kufichia.

Akaingia mekoni, akaanza kukisia. Lile jekundu aliliacha, kwa sababu lililochumwa kwa kitambaa lilimtia hofu. Lile la manyoya aliliacha pia, hata yeye hakujua kwa nini. Manne yaliyobaki akayachemsha, akayachuja, akampa Placida kikombe kizima. Placida alikunywa lote, akakunja uso kwa uchungu wa mubirizi, kisha akamtazama mama yake kwa imani ambayo Anatolia alitamani isingekuwapo. Baada ya saa moja alitapika. Kama majani yale yalimdhuru au yalikuwa maji ya kijani tu, hakuna ajuaye. Damu iliendelea kama ilivyokuwa.

Jumamosi kulipopambazuka Anatolia alikuwa kwa Placida, akimpepea na kuwangoja watu wa machela, aliposikia mbuzi wakipiga kelele nyuma ya nyumba. Akazunguka kutazama. Mama yake alikuwa kule, kifudifudi, pale wanapomwaga maji ya vyombo. Alikuwa amejiburura kutoka kitandani mwake, akapita mlango wa nyuma, akapita tope la mbuzi, upande mmoja wa mwili ukiuvuta upande mwingine, na nguo zilikuwa zimemvuka mpaka kiunoni. Katika ngumi ya kushoto alikuwa ameshika magugu.

Anatolia hakuwa na nafasi ya jambo jingine. Binti yuko ndani hana rangi, na huku mama anatambaa uchi penye mvua. Alimsitiri, akambeba, akamrudisha kitandani, akaifumbua ile ngumi kidole kimoja kimoja, akayachukua yale magugu akayatupa nje dirishani. Akamwosha uso. Kokugonza alipiga kelele muda wote, akambana binti yake kifundo cha mkono mpaka kucha zikaacha alama. Anatolia akamwambia tulia, Mama, tulia, akafunga mlango.

Yalipita masaa, mawili au matatu. Watu wa machela walikuwa bado hawajaja. Mukashema, aliyekwenda kumwangalia bibi, akarudi amekunja uso, akasema mzee ameanguka tena kitandani na anatambaa kuelekea kule kule.

Anatolia aliinuka. Alikwenda mbio hadi nyuma ya nyumba, akamkuta mama yake amefika, amelaza shavu kwenye tope, mkono umekamata gugu lile lile, haling'oi, amelishika tu, na anamtazama. Sasa alikuwa hapigi kelele.

Lilikuwa gugu la hivi hivi. Lina maua madogo ya njano, linaota popote penye maji machafu, mbuzi wanalikanyaga, watoto wanalikojolea. Watu hawajalipa hata jina la maana, wanaliita gugu la mbuzi basi. Na hapo hapo, amesimama penye tope, Anatolia akakumbuka kwamba kila waliporudi porini, kabla ya kupika, mama yake alimwambia aweke kapu chini amsubiri kidogo, anaenda nyuma ya nyumba kujisaidia. Miaka kumi na mitatu. Wakienda ugenini ilikuwa vile vile, nyuma ya nyumba za watu. Aliwahi hata kumtania kwamba kibofu chake kimezeeka.

Alipiga magoti, akashika uso wa mama yake kwa mikono miwili. "Hili, Mama? Ndilo hili?"

Kokugonza akafumba jicho.

Aling'oa kwa mikono yote miwili, mizizi, majani, maua, kila kitu, kwa sababu alikuwa hajui kinachotumika ni kipi. Mukashema alipuliza moto mpaka macho yakamwiva. Maji yalichelewa kuchemka kama yaliyofanya kusudi. Walipomfikishia Placida kikombe, midomo yake ilikuwa myeupe na pumzi inakuja kwa kuombwa. Alimeza funda la kwanza. Alimeza la pili. La tatu lilimtoka pembeni mwa mdomo likashuka shingoni, na Anatolia akalifuta, akajaribu tena, likashuka tena. Mtoto alikuwa anataka kunyonya. Watu wa machela walifika mchana, watano, wakavua kofia mlangoni.

Sitaeleza mazishi. Theoneste hakuwapo na hakukuwa na namna ya kumwambia. Mtoto alichukuliwa na Mukashema, akalelewa kwa maziwa ya ng'ombe, akaishi. Kokugonza aliishi mpaka Januari, na katika miezi ile miwili Anatolia alimlisha na kumwosha kama kawaida, ila yale maneno aliyomwambia Ijumaa ile yalimrudia kila alipochukua kijiko. Alimwomba msamaha mara nyingi. Ba, alijibiwa. Huenda alisamehewa, huenda bibi alikuwa anataka maji.

Baada ya kumzika mama yake, Anatolia alilichoma lile kapu. Kisha akaamua jambo ambalo hakuna mganga wa Mabira aliyewahi kulifanya, nalo ni kusema. Alisema kisimani. Alisema baada ya misa, wanawake wamekaa kwenye nyasi. Aling'oa gugu akawaonyesha, hili hapa, ni hili, liko nyuma ya nyumba yako na yako na yako, usingoje mtu. Kipimo sikijui, sijui kama ni mzizi au jani, lakini ni hili. Walimsikiliza kwa heshima. Waliitikia. Walipoachana naye walitazamana, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba binti wa Kokugonza kamzidi mama yake kwa ujanja, maana yule alificha kwa kukaa kimya, na huyu anaficha kwa kuongea. Hayo yalimfikia. Alikasirika, akayameza, akaendelea kusema.

Aprili, habari za kutekwa kwa Kampala zikiwa bado za moto na watu wakicheza njiani, alikuja mwanamke kutoka Kimuli. Jina lake Kemirembe, mtu mzima wa rika lake, amefunga khanga kifuani, amevuta kamba ya mbuzi dume mnene. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Mke wa mwanawe alikuwa amejifungua siku nne zilizopita na damu haikatiki. Kokugonza ndiye aliyemtibu Kemirembe mwenyewe zamani, kwa mtoto wake wa tatu, na hakusahau.

Anatolia hata hakumkaribisha kukaa. Alimshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, akainama, akang'oa gugu akampa. Akamwambia kalichemshe, arudi haraka, mbuzi amrudishe nyumbani, hataki kitu.

Kemirembe alilitazama lile gugu. Yule dume akainyoosha shingo akaling'ata, akala maua yote mbele yao.

"Dada," alisema Kemirembe, taratibu, kama mtu anayejizuia asimkosee mwenye msiba, "mimi si mtoto. Nimemwona mama yako kwa macho yangu. Alikuwa na kapu limejaa. Kama mbuzi hatoshi, sema, nitaleta na mwingine."

Anatolia alimweleza yote. Alimweleza majani sita, na mkeka, na jinsi mama yake alivyotambaa mara mbili penye tope. Alieleza haraka haraka, maneno yakigongana, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Kemirembe ulivyozidi kujifunga. Mgonjwa wa kiharusi, alisema Kemirembe, hushika chochote. Baba yake alipopooza alikuwa akishika mguu wa kitanda usiku kucha. Akamsukumia mwenyeji wake lile gugu lililobaki bua tupu, akaanza kuondoka, akimvuta mbuzi wake.

Anatolia alimfuata. Alikuwa ameng'oa mengine, mikono yake miwili imejaa, udongo unadondoka miguuni. Alimfuata mpaka nje ya kibanja, njiani, akimwita kwa jina, akimsihi achukue tu, ayachukue hata kama haamini, akajaribu. Alimwambia mwanawe mwenyewe amekufa, Placida wake, kwa damu hiyo hiyo.

Kemirembe akasimama. Aligeuka, na usoni hakuwa na dharau wala hasira, alikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyoumiza.

"Najua, dada. Nilikuja msibani kwake. Ndiyo maana nakuuliza," alisema. "Kama dawa ilikuwa hii, imeota ukutani kwako miaka yote, Placida angekufa?"

Akangoja jibu kwa adabu, mbuzi akimvuta kamba.  Anatolia alitaka kusema ndiyo, ni hii, naijua, lakini alipoyatazama yale magugu mikononi mwake, kwa mara ya kwanza tangu siku ile hakuwa na hakika. Kemirembe akainamisha kichwa kumuaga, akashika njia ya Kimuli.